Jirani Ndiye Mlinzi: Urithi wa Miamba ya Kondoa na Riziki ya Wanaoishi Kando Yake

Hotuba iliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni kutoka kwa wafadhili wetu.



 Tunawashukuru akina mama wa usharika wenyeji, waliotupokea kwa chai na mihogo kabla hata hatujafungua kikao.

Tumeombwa kuzungumzia jinsi jamii inavyoweza kushiriki katika kuhifadhi maeneo ya urithi na wakati huo huo kuinua kipato chake. Tungeweza kuwasomea taarifa ya robo mwaka, lakini mhasibu ataisoma baadaye na takwimu zote zimo humo. Sisi tumeona ni vema tujibu maswali mawili tuliyoletewa mwaka huu. La kwanza limetoka kwa rafiki zetu wafadhili: itagharimu kiasi gani kujenga uzio kuzunguka miamba yenye michoro? La pili limetoka kwa baadhi ya sharika zetu: kwa nini Kanisa lihangaike na mapango ambayo watu wanafanyia matambiko? Ni maswali mazuri, na tutayajibu yote mawili bila kuzunguka.

Urithi tunaouzungumzia

Kwa wageni wetu, tuanze na mahali penyewe. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye miteremko ya vilima vinavyotazama Bonde la Ufa, katika Mkoa wa Dodoma. Kijiji kinachojulikana zaidi ni Kolo, kando ya barabara kuu iendayo Babati. Eneo lililoorodheshwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na ndani yake yanakadiriwa kuwepo mapango na miamba yenye michoro kati ya 150 na 450. Kuna michoro myekundu ya tembo, twiga na tandala, na ya watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Hiyo inahusishwa na wawindaji wa kale, na wataalamu wengi huwataja ndugu zetu Wasandawe kuwa ni wa ukoo huo. Kuna pia michoro meupe, ya baadaye, inayohusishwa na wakulima na wafugaji.

Mwaka 1951 Mary Leakey alifanya kazi kubwa ya kunakili michoro hiyo, na mwaka 1983 kitabu chake kikachapishwa. Jina la kitabu hicho liliitaja kuwa ni sanaa ya Afrika inayotoweka. Mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza Kondoa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Tunaomba mzingatie jambo moja katika uamuzi huo. Kondoa haikuorodheshwa kwa sababu ya michoro ya kale peke yake. Iliorodheshwa pia kwa sababu wenyeji bado wanayatumia baadhi ya maeneo hayo kuombea mvua na kutafuta uponyaji. Kwa maneno mengine, dunia ilikubali kwamba watu wanaoishi pale ni sehemu ya urithi wenyewe. Jambo hili tutalirudia.

Swali la kwanza: uzio

Ulinzi wa kisheria ulianza zamani. Miamba hii ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937, wakati wa utawala wa Mwingereza, na baada ya Uhuru ikaja Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Uzio nao umewahi kujaribiwa. Baadhi ya mapango yalizungushiwa nyavu za waya ili watu wasiguse michoro, na baadaye nyavu hizo ziking'olewa. Waya ni mali kijijini: unafaa kwa banda la kuku na kwa bustani. Tena kwa mzee ambaye babu yake alikuwa akiingia pangoni kuombea mvua, wavu ule ulikuwa kufuli kwenye mlango wa nyumba yake. Hakuulizwa ulipowekwa, basi hakuona sababu ya kuulinda.

Wenye umri kama wetu mnakumbuka mfano mkubwa zaidi katika milima hii hii ya Irangi. Ardhi ya Kondoa ilikuwa imemomonyoka vibaya sana, imejaa makorongo ambayo ng'ombe akitumbukia hatoki. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 ikatolewa amri kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda zaidi ya 80,000 walitolewa.

Tuseme ukweli wote. Ardhi ilipona. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, na mashamba yakafunguliwa mahali ambapo palikuwa mchanga mtupu. Anayesema HADO haikufanya kitu hajapita Kondoa. Lakini gharama yake ilibebwa na kaya. Watoto walikosa maziwa, shamba likakosa samadi, na binti aliyeposwa akakosa mahari ya kupelekwa kwao. Mifugo iliyoondolewa haikupotea duniani, bali ilihamia kwa majirani na kuielemea ardhi yao. Ilichukua miaka kumi, hadi 1989, ndipo ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani akaanza kurudishwa kwa utaratibu. Mradi ulifungwa mwaka 1996, na amri ilipolegea mifugo ilianza tena kuingia.

Sisi tunasoma somo hili hivi. Amri inaweza kuiponya ardhi kwa muda, lakini haiwezi kumpa jirani sababu ya kuendelea kuitunza siku mwenye amri akiondoka. Sababu hiyo ilianza kuonekana pale ng'ombe alipofika bandani na mama akapata maziwa na samadi kutokana na majani yale yale aliyokatazwa kuyachungia. Tangu siku hiyo majani ya kwenye matuta yakawa na mwenyewe.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la uzio ni kwamba tunaomba msitupe fedha za uzio. Hatusemi hivi kwa kukosa shukrani. Mahali pachache pana hatari ya pekee, na wataalamu wa mambo ya kale wakiona panahitaji kizuizi, wao ndio wenye kuamua. Lakini miamba iliyotawanyika katika eneo kubwa kiasi hiki haiwezi kulindwa na waya wala na askari wachache. Anayeweza kuilinda ni yule anayepita pale kila siku na jembe lake.

Makosa yetu wenyewe

Baada ya kusema ya wengine, haki inatutaka tuseme ya kwetu.

Tulipoanza kazi katika kijiji kimoja kinachopakana na miamba, tulikuja na mizinga ya nyuki. Andiko la mradi lilikuwa zuri. Lilisema wananchi wakipata asali wataacha kukata miti. Tukaitisha mkutano, tukaunda kikundi, tukagawa mizinga ya kisasa, tukapiga picha, tukaondoka. Tuliporudi msimu uliofuata, mingi ilikuwa mitupu. Mmoja tulikuta kuku ametagia ndani yake. Wazee walikuwa wakirina asali kwenye mizinga yao ya magogo kama siku zote, tena asali nzuri. Hakuna aliyekuwa amewauliza nyuki wa pale hupita upande gani na maua huchanua mwezi gani. Wangetuambia kwamba tumeitundika mizinga upande usiofaa.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na tulichelewa kuliona. Kikundi chote kilikuwa cha wanaume. Lakini anayeingia kwenye kichaka kinachozunguka mapango na kutoka na mzigo kichwani ni mwanamke, na anachofuata ni kuni. Tulikuwa tumepeleka asali kwa baba, wakati mti unakatwa kwa sababu ya jiko la mama.

Kichaka hicho, ndugu zangu, si pambo. Miti inayosimama mbele ya pango huzuia upepo wenye vumbi, mvua ya kupiga na jua kali la mchana. Ikikatwa, mchoro uliokaa salama miaka mingi unabaki wazi na unaanza kufifia. Kwa hiyo kuhifadhi michoro ya Kondoa ni, kwa sehemu kubwa, suala la kuni. Tulikuwa na shahada zetu na andiko letu, na hatukuliona hilo mpaka mama mmoja alipotuuliza kwenye mkutano kama asali inaweza kuchemsha maharage.

Tulichobadilisha

Baada ya hapo tuliacha kufika na jibu mkononi. Tulianza kwa kukaa na wanawake peke yao, kisha na vijana peke yao, kisha na wazee, na mwisho wote pamoja mbele ya halmashauri ya kijiji. Tulichora ramani ya kijiji chini kwa fimbo na mawe: maji yako wapi, kuni zinatoka wapi, ng'ombe wanapita wapi, miamba iko wapi. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi na haikuwa na picha nzuri za kutuma. Lakini kijiji chenyewe ndicho kilichopanga mambo yafuatayo, na sisi tukaunga mkono.

Kwanza, majiko banifu ya udongo, yaliyojengwa na akina mama wenyewe kwa udongo wa pale pale, na miti ya kuni kupandwa kwenye mipaka ya mashamba. Mti ulio karibu na mlango humwondolea mama safari ya kwenda kwenye mwamba.

Pili, mbuzi na ng'ombe wa maziwa bandani, kwa utaratibu wa kopa ndama lipa ndama. Anayepokea mtamba hupitisha ndama jike wa kwanza kwa jirani anayefuata kwenye orodha. Orodha hiyo husomwa hadharani, si ofisini kwetu.

Tatu, nyuki, lakini safari hii wazee wa magogo ndio walimu. Mizinga ya kisasa ilitundikwa walipoonyesha wao.

Nne, vikundi vya kuweka na kukopa. Mama aliyeuza alizeti au mbaazi huweka akiba yake, na ada ya shule inapofika hakimbilii kuchoma mkaa.

Tano, sheria ndogo za kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji mamlaka halisi ya kupanga matumizi ya ardhi yake na kutunza msitu wake, au kuingia makubaliano ya kutunza pamoja na Serikali msitu wa hifadhi. Wananchi wengi hawakuwa wakijua hivyo. Walidhani kila kichaka kina bwana wake mjini. Kijiji kikiandika chenyewe kwamba hapa hapakatwi, na faini ikaingia kwenye mfuko wake, mlinzi halipwi na mradi.

Hatudai kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Mwaka wa ukame mkaa hurudi, na tunajua ni nani anayeuchoma, kwa sababu ni watu wetu. Lakini siku hizi akionekana mtu anachimba kwenye mwamba usiku, taarifa hutoka kijijini kabla sisi hatujasikia. Mnajua uvumi kwamba Wajerumani walificha dhahabu mapangoni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Uvumi huo umeharibu sakafu za mapango zenye historia ya maelfu ya miaka, na dhahabu hakuna aliyeiona. Anayeweza kumzuia mchimbaji huyo ni jirani aliyemsikia akipita.

Neno kuhusu utalii

Wengi mkisikia urithi wa dunia mnafikiri fedha za wageni. Tunaomba tusiwaahidi wananchi kitu ambacho hatukioni. Wageni wanaofika Kolo ni wachache ukilinganisha na wanaopita kwenda mbugani. Tena ada ya kiingilio hupokelewa na mamlaka, haiendi moja kwa moja jikoni kwa mwenye shamba lililo chini ya mwamba.

Hata hivyo kuna vijana wa kijijini wanaoweza kuongoza wageni, akina mama wanaoweza kupika na kuuza vikapu, na nyumba zinazoweza kulaza mgeni kwa heshima. Tuwasaidie kwa mafunzo. Lakini tuseme wazi kwamba kwa sasa utalii hapa ni mboga, wala si ugali. Ugali unatoka shambani, bandani na kwenye mzinga. Kijiji kinachosubiri mgeni ndipo kile kitalala njaa, na kikilala njaa, mwamba nao hautapona.

Swali la pili: Kanisa na matambiko

Sasa tufike kwenye swali gumu. Baadhi yenu mmetuandikia kwamba hamtachangia mradi unaozunguka mahali pa matambiko. Tunaheshimu dhamiri zenu, na hatuwaombi mshiriki ibada isiyo yetu. Sisi wenyewe hatushiriki. Majirani zetu wengi pale ni Waislamu, na wapo miongoni mwao walio na swali hilo hilo.

Lakini mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu halazimiki kuafikiana nasi ndipo tumsaidie kupata kuni na maziwa. Na tukumbuke kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, mstari wa kumi na tano. Mwanadamu alipowekwa bustanini alipewa kazi mbili kwa pamoja, kulima na kutunza. Hakuambiwa atunze huku ana njaa, wala alime mpaka amalize kila kitu. Mradi huu ni kazi hizo mbili.

Ni kweli pia kwamba baadhi ya desturi, kama kunyunyizia pombe kwenye mwamba, zinaweza kudhuru rangi za michoro. Njia ya kulimaliza hilo ni wataalamu kukaa na wazee na kuelewana ni wapi panyunyiziwe na wapi pasiguswe. Ukimfungia mzee, atakuja usiku, na usiku hutamwona.

Tena kabla hatujamnyooshea mzee kidole, tusikie na hili. Miaka michache iliyopita vijana wa usharika wetu mmoja walikwenda kutembelea mapango. Walimwagia michoro maji ili rangi ing'ae kwenye picha, na mmoja akaandika jina lake kwa mkaa kando ya twiga. Maji hayo huondoa rangi kidogo kidogo, na mkaa unafahamika. Mzee wa kijiji, mmoja wa wale wanaokwenda kuombea mvua, alitembea mpaka ofisini kwetu. Hakuja kushitaki polisi. Alituuliza kama watoto wetu hawakufundishwa kwamba hapo ni mahali pa watu. Hatukuwa na la kujibu. Tulimwomba radhi, na wiki iliyofuata wale vijana, pamoja na mwinjilisti wao, walikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake.

Mzee yule hakuwa na shahada wala mshahara wa uhifadhi. Alikuja kwa sababu mwamba ni wake. Sisi tuliosoma ndio tuliouharibu.

Tunachowaomba

Kwa kamati za sharika, tunaomba mambo matatu. Mosi, mada ya kutunza urithi iingie katika mafundisho ya Kipaimara, na safari yoyote ya kwaya au shule ya Jumapili kwenda mapangoni iongozwe na mwenyeji, bila maji, bila mkaa na bila kugusa. Pili, kila kamati inapopanga mradi, iweke wanawake kwenye meza ya kupanga tangu siku ya kwanza, si siku ya kugawa. Tatu, kila usharika ulio jirani na eneo la hifadhi, iwe ni miamba, msitu au chanzo cha maji, ujue sheria ndogo za kijiji chake na uzitii. Haifai mzee wa kanisa akamatwe na mkaa.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba jambo moja ambalo ni gumu kuliko fedha, nalo ni muda. Mti wa kuni hauvunwi ndani ya mwaka mmoja wa fedha, na ndama hapitishwi kwa jirani kabla hajazaliwa. Mkitupa miaka mitatu, mwaka wa kwanza mtaona mikutano tu. Tafadhali msikate tamaa. Fedha mlizofikiria kwa ajili ya uzio, tunaomba ziende kwenye mitamba, vitalu vya miche na mafunzo ya viongozi wa vijiji, na vijiji vyenyewe vikae mezani tukipanga.

Ndugu wapendwa, michoro ile ilichorwa na watu ambao majina yao hatuyajui, na imefika kwetu bila uzio kwa sababu vizazi vya majirani waliishi kando yake na kuiheshimu. Kazi yetu ni kuhakikisha jirani wa leo anaweza kuendelea kuishi pale, ana kuni, ana maziwa, ana ada ya mtoto, na ana sauti kwenye kikao.